Kompyuta Kuukuu Ina Kazi Yake

Wengi wetu tunatumia kompyuta za mtumba, na si aibu. Shida haiko kwenye chuma, iko kwenye programu inayoiendesha. Windows 7 iliachwa na wenyewe Januari 2020. Windows 10 nayo Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda. Kuachwa maana yake ufa ukigunduliwa leo, hakuna fundi wa kuja kuuziba, na wezi wanaujua.

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa siku chache tu. Hakikungoja mtu abonyeze kitu. Kilipita kwenye ufa wa Windows, kikafunga mafaili, kikadai pesa. Hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Na dawa ilikuwa imetoka Machi, miezi miwili kabla! Wengi hawakuiweka. Wenye XP, iliyoachwa tangu 2014, walipewa yao moto ukishawaka.

Sasa wewe unayewajazia wazee fomu za eCitizen kwenye laptopu ya zamani, hebu fikiria. Humo mna picha za vitambulisho vya watu, namba zao za simu, pengine na nywila zao. Hiyo ni amana, si mali yako.

Mashine hiyo iachie kazi za ndani: kuandika barua, hesabu za duka, kuchapisha. Benki, KRA na eCitizen fanyia kwenye simu au kompyuta ambayo bado inapokea masasisho. Utaniambia una antivirusi. Sawa, huyo ni mlinzi wa getini, na ukuta wa nyuma bado umebomoka.

Njia nyingine, ambayo wengi hawaijui, ni Linux Mint. Ni ya bure, ni halali, na RAM ya GB 4 inatosha. Unaiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu kwanza, Windows yako haiguswi. Ukiipenda, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje ndipo uiweke. Halafu diski uichomoe, tafadhali. Kirusi kama kile hufunga hata mafaili ya diski iliyochomekwa.

Vijana wawili watabaki hapa na flashi zao hadi saa kumi. Aliyekuja na laptopu asiondoke nayo vilevile.