Uma, Chekeche na Ukuta: Kwa Nini Somo la Picha Lianzie Kivulini

Mada hii inatetea jambo moja: anayejifunza kupiga picha aanze na vivuli vya vyombo vya nyumbani kwake, kabla hajapelekwa harusini au mbugani. Sura ya bibi harusi au ya simba humvuta mtazamaji hata pale mwanga ulipotumiwa vibaya, na mwanafunzi husifiwa kwa uzuri ambao si kazi yake. Uma haumpi nafuu hiyo. Mwaka 1928, jijini Paris, Mhungaria André Kertész alipiga picha ya uma ulioegemezwa ukingoni mwa sahani, kivuli chake kikilala mezani. Picha ile haina kingine, lakini jicho halibanduki, kwa sababu kila mstari umepewa nafasi yake.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lina mwalimu mkali, yaani jua. Karibu na ikweta, hasa mwezi Machi na Septemba, jua hupanda takriban wima, nyuzi 15 kila saa. Saa moja baada ya kuchomoza, kivuli cha kikombe hukaribia mara nne ya kimo chake. Baada ya saa tatu hulingana nacho. Adhuhuri hujificha chini ya kitako. Anayechelewa ameikosa picha. Umbali nao una kanuni zake. Jua si nukta bali ni duara, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kadiri chombo kinavyosogea mbali na ukuta: kwa sentimita 10 ukungu wake ni kama milimita 1, kwa mita moja unakaribia sentimita nzima. Chekeche iliyochora wavu safi ukutani huacha doa la kijivu tu ikirudishwa nyuma hatua moja. Hayo hayahitaji kamera ya bei kubwa. Yanahitaji uvumilivu wa kutazama.

Wapo wanaosema picha isiyo na mtu ni kazi bure, hasa katika jamii yenye mengi ya kusimuliwa. Hoja hiyo haisimami mbele ya kazi ya Paul Strand. Mwaka 1916, huko Connecticut, Marekani, alipiga picha za bakuli na za vivuli vya fito za baraza. Mwaka huohuo, mitaani New York, alipiga picha ya mwanamke kipofu inayokumbukwa hadi leo. Kazi ya vyombo haikumwondoa kwa watu. Pingamizi zito zaidi ni la simu, ambayo huangaza giza yenyewe na kukiua kivuli. Dawa yake ipo: gusa sehemu angavu kwenye kioo, kisha punguza mwanga mpaka kivuli cha meno ya mbuzi ya nazi kiwe cheusi kweli. Ndiyo maana napendekeza zoezi letu la kwanza liwe chombo kimoja, ukuta mmoja, na lifanyike kabla ya saa tatu asubuhi.