Somo la Kupanga Safari: Kutoka Msangano hadi Kitulo na Matema

Kaeni karibu na redio, na karani wa kikundi ashike kalamu. Leo tutapanga safari ya matembezi. Si safari ya msiba wala ya kuuza ufuta, bali ya kwenda kutazama nchi yetu wenyewe.

Kwanza, tunakwenda wapi? Tutakwenda mahali pawili. Pa kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 413, na uwanda wake uko juu kiasi cha meta 2,600. Hifadhi nyingi husifiwa kwa simba na tembo, lakini hii iliwekwa hasa kwa ajili ya maua. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni za okidi. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mahali pa pili ni Matema, ufuko wa mchanga katika Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone.

Sasa njia. Kutoka Msangano tunafika Tunduma. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kiasi cha kilometa 100, kwa kupitia Vwawa na Mlowo. Tukifika Uyole tunashika barabara ya Tukuyu. Pale Isyonje tunakata kushoto kupanda Kitulo. Tukishuka, tunarudi Isyonje, tunapita Tukuyu na Kyela, kisha Ipinda, na mwisho Matema.

Swali gumu ni hili: twende lini? Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili. Huo ndio wakati mkulima yumo shambani. Baada ya mavuno fedha ipo na nafasi ipo, lakini mwezi wa Julai Kitulo ni baridi kali, nyasi zimekauka, na maua ni machache. Je, tufanyeje? Shauri letu ni kuweka fedha tangu Julai, na kusafiri mwishoni mwa Februari, palizi ikiwa imekwisha na mavuno hayajaanza. Lakini kumbukeni kwamba barabara ya mlimani huteleza wakati wa mvua. Kwa hiyo ongezeni siku moja ya akiba katika ratiba yenu.

Tufanye hesabu. Tuseme kikundi kina watu 12, na kila mtu anaweka shilingi 4,000 kwa wiki, kwa muda wa wiki 30. Kila mtu atakuwa na shilingi 120,000, na kikundi kizima shilingi 1,440,000. Kabla ya kugawa fedha hiyo kwa gari, chakula, malazi na kiingilio, tengeni sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 144,000, kwa ajili ya ugonjwa au gari kuharibika. Ulizeni kiingilio mapema, na kila mtu achukue kitambulisho chake, maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Zikionekana fedha hazitoshi, punguzeni siku za safari. Msiuze mbegu wala chakula cha nyumbani kwa ajili ya matembezi.

Mizigo nayo ina hesabu yake. Kwa Kitulo chukueni sweta, koti la mvua na viatu vigumu. Kwa Matema chukueni nguo nyepesi na chandarua, kwa sababu kuna joto na mbu. Kabla ya kuoga ziwani, waulizeni wenyeji mahali pasipo na mamba.

Sasa sikilizeni vizuri jambo la mwisho, kwani linatuhusu sisi hasa. Wengi wetu tunaijua chikanda. Ni viazi vya okidi, vilivyotwangwa na kupikwa pamoja na karanga, pilipili na magadi. Chakula hicho hupendwa sana Zambia, na kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa katika nyanda za juu na kupitishwa Tunduma kwenda ng'ambo ya mpaka. Kitu kinachochimbwa ni mizizi ya maua yale yale tunayokwenda kuyatazama. Anayechimba kiazi ameua mmea, na mmea uliokufa hautoi mbegu. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuchimba au kuchuma mmea wowote. Okidi zote pia zimo katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, wala haziruhusiwi kuvushwa mpaka bila kibali. Basi mtu wa kwetu asipande Kitulo akiwa mgeni, akashuka na mfuko wa viazi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini tumechagua Februari, wala si Julai?

2. Kikundi cha watu 15 kikiweka shilingi 3,000 kila mtu kwa wiki 30, kitapata shilingi ngapi? Akiba ya sehemu moja ya kumi ni kiasi gani?

3. Mkulima anayeishi kwa kuuza chikanda, tumshauri afanye kazi gani nyingine?

Swali la tatu lijadiliwe na wote, wazee na vijana, kina mama na kina baba, na karani aandike majibu.