KUTOA MAJI YA REJETA NYUMBANI

Sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: rejeta, mvuke, kulanti, sumu. Tutayatumia yote katika somo la leo.

Tuseme mtu ana gari hapa Mwitongo, Butiama. Leo anakwenda Bunda, kesho Musoma sokoni. Ndani ya injini yake mafuta yanaungua, na moto ule ungeiharibu injini kama kusingekuwa na maji ya kuipoza. Maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto, kisha huja mbele katika rejeta. Hapo upepo huyapoza, nayo hurudi tena kazini.

Je, maji matupu ya kisima hayatoshi? Hayatoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, maji ya kisima mara nyingi yana chokaa. Tazameni ndani ya birika la zamani la chai. Ule ukoko mweupe ndio unaoziba njia nyembamba za rejeta. Na maji matupu huleta kutu. Pili, sisi tunakaa mahali palipoinuka. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na Butiama iko juu zaidi. Pwani maji huchemka kwa digrii 100 za sentigredi, lakini kando ya ziwa letu huchemka kwa digrii 96 hivi. Kulanti ni dawa inayozuia kutu, tena ikichanganywa na maji huyachelewesha kuchemka. Lakini dawa hii huchakaa. Kitabu cha gari hueleza ni baada ya muda gani ibadilishwe.

Sikilizeni sasa jambo la hatari. Kifuniko cha rejeta huyabana maji ili yapate joto jingi bila kuchemka. Injini ikiwa moto, maji yale ni ya moto kuliko yale yanayochemka jikoni. Ukifungua kifuniko, hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Mtu anaweza kupoteza macho. Kwa hiyo kazi hii ifanywe asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Shika mpira wa juu wa rejeta. Kama una joto, ngoja.

Haya ndiyo mambo ya kufanya, moja baada ya jingine.

1. Weka gari mahali pa tambarare. Zima injini, vuta hendibreki, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

2. Weka karai chini ya rejeta. Gari ndogo nyingi huchukua lita 5 hadi 8, basi karai liwe kubwa.

3. Funika kifuniko kwa kitambaa kinene. Kizungushe kidogo, usikilize. Ukisikia sauti ya mvuke, acha, ungoje. Pakiwa kimya, kifungue.

4. Chini ya rejeta tafuta kizibo cha kutolea maji. Kifungue polepole, maana vingi ni vya plastiki na huvunjika. Kama hakuna kizibo, legeza klipu ya mpira wa chini na kuuchomoa.

5. Tazama maji yanayotoka. Yakiwa ya kahawia kama kutu, huenda kuna kutu. Yakiwa kama chai ya maziwa, huenda mafuta ya injini yameingia ndani. Usiliendeshe gari, mwite fundi.

6. Funga kizibo, jaza maji safi, washa injini mpaka ipate joto. Zima, iache ipoe kabisa, kisha mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe.

7. Jaza kulanti mpya. Someni maandishi ya kopo kwanza. Kulanti nyingine imekwisha kuchanganywa, usiiongeze maji. Nyingine huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Usichanganye aina mbili za kulanti.

8. Kifuniko kikiwa wazi, washa injini. Simama kando, usiiname juu yake. Mapovu yatatoka, maana hewa inatoka. Ongeza kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe, kisha funga. Kesho yake, injini ikiwa baridi, tazama tena kama imepungua.

Sasa mnayo kulanti ya zamani ndani ya karai, na hii ndiyo sehemu kubwa ya somo. Kulanti nyingi ni sumu, nayo ina ladha tamu. Mtoto ataionja, na mbwa atailamba. Huharibu figo na huua. Usiiache karai peke yake hata kwa dakika moja. Usiitie katika chupa ya soda wala dumu la mafuta ya kula. Itie katika dumu imara lenye kifuniko, uandike kwa herufi kubwa: SUMU. USINYWE. Lifungie mahali pa juu.

Mtu akiinywa, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo lake. Usimtapishe. Usingoje aonekane mgonjwa, maana kwanza huonekana kama amelewa tu.

Wala usiimwage mtaroni, kisimani au chooni. Mvua huchukua kila kitu kukipeleka ziwani, na maji ya bomba ya Musoma hutoka ziwa hilohilo, kama yale ya mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama. Muulize fundi wa gereji au afisa wa halmashauri pa kuipeleka.

Ndugu wanafunzi, mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania, na aliyetuita darasani alikuwa mwana wa Butiama hii, Mwalimu Nyerere. Leo mnaona faida yake. Anayejua kuandika neno SUMU juu ya dumu huweza kuokoa mtoto wa jirani, na jirani anayejua kulisoma huokoka.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini tunangoja injini ipoe?
2. Maji yakitoka kama chai ya maziwa, utafanya nini?
3. Utaandika nini juu ya dumu?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini.