Dema Ndani ya Tangi la Kioo: Kumtoa Samaki Aliyejificha



Sisi wa Kampala tunafuga samaki wa bahari ilhali bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa kwa barabara. Maji tunayakoroga wenyewe, gramu 35 hivi za chumvi maalumu kwa kila lita (chumvi ya Ziwa Katwe haifai, ina magadi). Kwa hiyo samaki mkorofi mmoja anapojichimbia maweni, ushauri wa "ng'oa mawe yote, punguza maji" ni mwepesi kuutoa, na gharama yake ni kubwa.

Mimi nilianza kuufuata, nikaishia njiani. Chewa niliyemnunua akiwa sawa na kidole alikua, akaanza kuwameza wenzake. Nilimfukuza kwa wavu tangu magharibi hadi usiku wa manane. Maji yakachafuka, umeme ukakatika, pampu ikazima. Asubuhi chewa alikuwa mzima tunduni mwake. Wawili wasiohusika walikuwa wamekufa. Vifo vile ni kosa langu, na ndiyo sababu ya mada hii.

Wavuvi wa pwani hawamkimbizi samaki wa mwambani. Humtegea dema: kuingia kwake rahisi, kutoka hakuonekani. Nasi tunaweza kutengeneza la kwetu kwa chupa ya maji ya lita tano. Kata sehemu ya juu, igeuze shingo ielekee ndani, toboa matundu ya kupitisha maji, funga kwa uzi wa nailoni. Mdomo umzidi samaki unene kidogo tu. Lakini siku za kwanza usitege. Weka chupa bila ile shingo karibu na pango lake, na chakula kipatikane humo tu, mpaka aizoee kama sehemu ya mwamba. Hapo ndipo urudishe shingo. Wengine watatangulia kuingia. Watoe mapema, maana chewa akiwakuta humo hawana pa kukimbilia.

Kwa samaki wa mchana kuna njia ya mkato. Waswahili husema mtu amelala usingizi wa pono, na waliosema hivyo walimwona: pono hulala mwambani usiku, na baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute. Zima taa, subiri saa mbili, ingia na tochi yenye mwanga mwekundu na jagi la plastiki. Kwa kangaja, wavu uache kabisa, kwani visu vya shina la mkia wake hunasa nyuzini na kumjeruhi.

Kikande ni wa peke yake. Akiingia ufani husimamisha mwiba wa mgongo, na mwiba wa pili ndio komeo la ule wa kwanza. Ukimvuta utamchana bure. Mtoe pamoja na jiwe lake, umweke kwenye ndoo ya maji yenye chumvi na joto lile lile, kisha umwache alegeze mwiba mwenyewe.

Ndoo hiyo iandaliwe kabla ya mtego, pamoja na kipuliza hewa cha betri. Chewa wangu nilimtegea chupa ile, nikasubiri siku sita. Chewa huwinda jioni na alfajiri, nami nilikuwa nimekaa gizani, nimenyamaza, chambo cha kamba kikiwa ndani ya chupa. Alfajiri ya siku ya saba alitoka pangoni polepole, akazunguka mara moja, akaingia.