MATOKEO YA CHAGUZI ZA KWANZA NA SOMO LAKE KWA TAWI LETU

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
_Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa tawi_

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

 

Haya ndiyo maneno tuliyoyasoma mkutanoni. Tunayatuma humu kwa ajili ya wenzetu walioko dago, waliovuka Nyamisati na Dar es Salaam kwa shughuli zao, na wale waliobaki nyumbani na wagonjwa. Ni marefu kidogo. Soma taratibu, na ukimaliza msomee jirani ambaye simu yake haina WhatsApp.

Mkutano tuliuitisha kwa sababu ya maneno mawili yanayozunguka mitaani na kwenye simu zetu. Neno la kwanza linasema kura za Mafia ni tone baharini, basi kuna haja gani ya kuhangaika. Neno la pili linasema vitongoji vilivyotunyima kura tuviache, watu wake tusiwajali, hata salamu tuwapunguzie. Kamati imekaa, ikaona yote mawili yalishawahi kusemwa katika nchi hii, na matokeo yake yanajulikana. Kwa hiyo tumeona tujibu kwa historia ya chaguzi za kwanza, za Tanganyika na za Zanzibar.

*1. Sisi ni kisiwa, lakini tulihesabiwa na bara*

Mzee yeyote wa hapa atakwambia kuwa jamaa zetu wapo Unguja, wapo Kilwa, wapo Rufiji. Lakini mipaka ilichorwa na wengine. Mwaka 1890 Mjerumani aliichukua Mafia pamoja na pwani ya bara kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Januari 1915 Mwingereza akakiteka kisiwa, na baadaye tukabaki upande wa Tanganyika. Ndiyo maana siasa za uhuru zilipokuja, watu wa Mafia walikuwa kwenye hesabu ya Tanganyika, na ndugu zao wa Unguja na Pemba wakawa na hesabu yao. Tuna haki ya kujifunza kutoka pande zote mbili.

*2. Tanganyika: ushindi wa viti 70 na kiti kimoja kilichobaki*

Uchaguzi wa Agosti 1960 ndio uliotengeneza serikali iliyotupeleka kwenye uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70. Ukiishia hapo utasema nchi nzima ilipiga kura kwa sauti moja. Lakini tuliangalie jimbo kwa jimbo.

Katika viti hivyo 71, viti 58 havikupigiwa kura kabisa, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja na akapita bila kupingwa. Watu walipiga kura katika majimbo 13 tu. Tena si kila mtu mzima aliruhusiwa. Sheria ya wakati huo ilitaka mpiga kura awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au awe na kipato au cheo kilichotajwa. Ushindi ulikuwa wa kweli, hakuna anayeukataa, kwa sababu TANU ilikuwa imekubalika. Ila mtu aliyetaka kujua wananchi wa jimbo fulani wanasemaje, katika majimbo 58 hakuwa na karatasi ya kumwambia.

Na kile kiti kimoja? Kilikuwa Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU, akasimama kama mgombea binafsi, na wananchi wakamchagua yeye. Watu wa Mbulu hawakuwa wamekataa uhuru wala kukikataa chama. Walikataa jina waliloletewa. Ndugu wanachama, hili tulishike vizuri, tutalirudia.

Baada ya uhuru, tarehe 1 Novemba 1962, Tanganyika ilimchagua Rais wake wa kwanza. Wagombea walikuwa wawili. Mwalimu Julius Nyerere wa TANU alipata kura 1,127,978. Zuberi Mtemvu wa African National Congress alipata kura 21,276. Kwa asilimia ni 98 na ushei kwa Mwalimu, na chini ya mbili kwa Mtemvu. Mtemvu hakutoka hewani. Alikuwa ndani ya TANU tangu mwanzo, akajitenga mwaka 1958 baada ya mkutano wa Tabora, pale chama kilipokubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja.

Asilimia 98 ni kubwa. Lakini asilimia huwahesabu waliokwenda kituoni tu. Sensa ya mwaka 1957 ilikuta Tanganyika ina watu zaidi ya milioni nane na nusu. Toa watoto, bado wanabaki watu wazima wengi sana ambao jina lao halimo kwenye zile kura milioni moja na laki moja na ushei. Wengine hawakujiandikisha, wengine njia ilikuwa mbali, wengine walisema mshindi anajulikana. Hao wa mwisho ndio ndugu wa wale wanaosema leo kwamba kura yetu ni tone baharini.

Chama chenyewe kililiona tatizo la watu kupita bila kupingwa. Katika uchaguzi wa 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, kiliweka utaratibu wa wagombea wawili katika jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wananchi walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya watu wawili, wakubwa wengi walianguka, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Kumbe chini ya ule utulivu wa 1960 palikuwa na maoni ambayo hayakuwa yamehesabiwa.

*3. Zanzibar: wenye kura nyingi, wenye viti vichache*

Tuvuke maji sasa. Zanzibar ilianza uchaguzi Julai 1957 kwa viti sita tu vya kuchaguliwa. Januari 1961 viti vikawa 22. ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Katika jimbo la Chake Chake, Pemba, ASP ilishinda kwa kura moja. Tunasema tena, kura *moja*. Kisha ZPPP ikagawanyika, wabunge wawili wakaenda na ZNP na mmoja akaenda na ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Ndiyo maana ilibidi uchaguzi urudiwe Juni 1961.

Anayesema kura moja haina kazi, mwambieni habari ya Chake Chake. Ile kura ingehama, kusingekuwa na sare.

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio uliotoa serikali ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Viti vilikuwa 31. ASP ilikusanya zaidi ya kura 87,000, sawa na asilimia 54. ZNP na ZPPP kwa pamoja hawakufika asilimia 46. Lakini viti vilitoka hivi: ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6. Wale wawili wakaungana, wakawa na viti 18, wakaunda serikali chini ya Mohammed Shamte.

Vijana wengi huuliza inawezekanaje. Inawezekana kwa sababu kila jimbo linajihesabia lenyewe, na kura za ziada hazihami. ASP ilirundika kura nyingi kwenye ngome zake, hasa Unguja. ZPPP ilikuwa chama kidogo kwa kura, lakini kura zake zilikuwa mahali pake, na viti vyake vyote sita vilitoka Pemba.

Tuweke mfano wa hapa kwetu. Chukueni vitongoji vitatu. Cha kwanza tunapata kura 300, wenzetu 100. Cha pili tunapata 140, wenzetu 160. Cha tatu vilevile, 140 kwa 160. Jumla tuna kura 580, wao 420. Tumewazidi kura 160, lakini wenyeviti wa vitongoji ni wawili wao na mmoja wetu. Hakuna aliyeiba. Tumezidisha pale tulipokuwa tumeshashinda, tukalala pale palipohitaji watu ishirini na mmoja tu zaidi.

Hatuwezi kuzichukua kura za ziada za Kilindoni tukazipakia kwenye mashua tukazipeleka Jibondo. Kata ya Jibondo, pamoja na Chole na Juani, ina diwani wake na wapiga kura wake. Kirongwe wana wao, Baleni wana wao, Kanga wana wao. Kwenye jumla ya nchi Mafia ni ndogo kweli. Lakini mwenyekiti wa kitongoji, diwani na mbunge hawachaguliwi na jumla ya nchi. Wanachaguliwa na sisi, na mara nyingi kwa tofauti ya watu wanaoenea kwenye barza moja.

*4. Ramani ya kura isiwe ramani ya uadui*

Hili ndilo lililotuumiza zaidi tulipokuwa tunaliandaa.

Wazanzibari wanaiita miaka ile zama za siasa. Watu walianza kusomana kwa vyama. Huyu haendi duka la yule. Huyu anafukuzwa shambani kwa sababu ya kadi yake. Palifika mahali watu hawazikani, mtu anafiwa na jirani yake anapita njia kama hajaona. Siku za uchaguzi wa Juni 1961 ghasia zikazuka, watu 68 wakapoteza maisha. Mwaka 1963 ukaisha na matokeo ambayo nusu ya watu na zaidi waliyaona hayakuwasikiliza. Januari 12, 1964, mwezi mmoja baada ya uhuru, serikali ile ikapinduliwa, na damu ikamwagika.

Hatusemi kura ndizo zilizoleta yote hayo. Palikuwa na mambo ya ardhi, ya asili za watu na ya ukoloni, ya muda mrefu. Tunachosema ni kwamba matokeo ya uchaguzi yaligeuzwa orodha ya maadui, kijiji kwa kijiji, na orodha hiyo ilitumika.

Sasa turudi hapa. Kisiwa hiki hakina mahali pa kukimbiana. Chombo kikipinduka Chole, anayekuja kukuokoa humuulizi kadi. Mwanao ameoa kitongoji kilekile unachosema tukitenge. Mtu akifa, jeneza linabebwa na waliopo. Kitongoji kilichotunyima kura kimetupa habari: pengine mgombea hakuwafaa, pengine hatukwenda, pengine ahadi ya kisima haikutimia. Habari hiyo hatuwezi kuipata kama tumeacha kusalimiana.

*5. Maazimio ya mkutano*

Kwa hiyo mkutano umekubaliana haya:

*Moja.* Tawi litakuwa na daftari la matokeo, kituo kwa kituo, la kila uchaguzi. Kura zinahesabiwa kituoni na matokeo yanabandikwa pale pale. Wakala wetu hataondoka bila nakala yake. Tukipoteza tutaandika tumepoteza, na kwa kura ngapi. Hatutaki tena mtu asimame mkutanoni aseme "tulishinda" bila namba, wala aseme "tuliibiwa" bila karatasi.

*Mbili.* Kwenye kura za maoni, jina litoke kwa watu wa mahali husika. Tukumbuke Mbulu. Ngazi za juu tutaziheshimu, lakini tutazipelekea maoni ya wanachama kama yalivyo, hata yakiwa hayapendezi. Na tusifurahie mgombea kupita bila kupingwa mpaka tujue ni kwa sababu anapendwa au ni kwa sababu wengine wamekatishwa tamaa.

*Tatu.* Nguvu ya kampeni itagawanywa kwa daftari. Tuliposhinda kwa wingi, watatosha mabalozi wetu. Tulipopungukiwa kura kumi au ishirini, hapo ndipo tutakwenda nyumba kwa nyumba, tukianza na zile ambazo watu wake hawakwenda kituoni kabisa.

*Nne.* Mwanachama wa tawi hili hatasusa msiba, harusi, duka wala chombo cha mtu kwa sababu ya kura. Atakayefanya hivyo ataitwa na wazee wa tawi.

Daftari litakaa kwa Katibu, na kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Mwenye nakala ya matokeo ya kituo chake ya miaka iliyopita, hata kama imechakaa, tunaomba ailete au aipige picha aitume. Tunaomba hasa wenzetu wa Bweni na Juani, maana kwa huko kurasa bado ni tupu.

 Mkutano ujao mtatangaziwa humu humu.

Wabillahi tawfiq.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*
_Mafia_