Jumamosi Alasiri Iwe ya Watoto

(Mazungumzo na wazazi wa Kilwa na pwani ya Lindi)



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu wa miaka 12 mpaka 15. Jumamosi na Jumapili, je, wote wanacheza? Tutazame wenyewe. Alasiri wavulana wako uwanjani na mpira wao wa matambara. Wasichana wako wapi? Wako kisimani, wako jikoni, wamebeba wadogo zao. Na wako wavulana wasiofika uwanjani, maana wako pwani wanangoja mashua, au shambani kwenye ufuta.

Hatusemi kazi ziachwe. Madrasa nayo isiguswe. Tunaomba saa mbili tu: baada ya swala ya alasiri mpaka kabla ya magharibi.

Kwa nini? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 mpaka 17 autumie mwili wake kwa nguvu, kwa wastani wa saa moja kila siku. Moyo na mifupa hupata nguvu. Mtu atasema, "Kubeba ndoo si mazoezi?" Ni mazoezi, kweli. Lakini ndoo haimfundishi mtoto kucheza na wenzake, kufuata sheria, wala kushindwa bila kugombana.

Tusidhani mkoa wetu hauwezi. Timu ya Namungo ya Ruangwa, hapa hapa Lindi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Na wasichana? Mwaka 2022 timu yetu ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia. Iliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, ikafika robo fainali. Wale nao ni watoto wa Watanzania kama sisi.

Wako wazazi wanaohofia heshima ya binti. Hofu hiyo tuizungumze, tusiicheke. Binti acheze amevaa nguo za stara. Tangu mwaka 2014 sheria za soka duniani zinaruhusu mchezaji kuvaa hijabu. Mama mmoja au wawili wakae uwanjani, wawatazame mpaka warudi nyumbani.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, maji yachotwe asubuhi. Kaka mtu naye abebe ndoo.

Pili, tuiombe serikali ya kijiji ituonyeshe kiwanja. Tukifyeke, tuokote chupa na mawe.

Tatu, wavuvi watupe nyavu kuukuu za kufunga magolini. Mianzi miwili yenye pete ya waya inatosha kwa netiboli.

Nne, wasichana wapewe zamu yao ya kiwanja. Wasingoje wavulana wachoke.

Basi, ndugu wazazi, tuanze Jumamosi hii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Saa kumi ikifika, tumwambie binti: "Weka ndoo chini, mwanangu. Nenda kacheze na wenzako."