Picha Iliyokataa Kufunguka

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: KING'AMUZI.

Neno hilo mwalijua. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Watu wakanunua ving'amuzi, kwa sababu picha za namna mpya hurushwa zikiwa zimekunjwa, na sharti kiwepo chombo cha kuzikunjua. Sidii za video tulizokuwa tukizitia katika deki nazo zilikunjwa vilevile.

Kwa nini zikunjwe? Tufanye hesabu. Kwa kipimo cha mwaka 1993, picha moja ya sidii hizo ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa kimo. Zidisheni: ni nukta 101,376. Na kila sekunde hupita picha 25! Kama kila nukta ingeandikwa, sidii ingejaa kabla ya dakika mbili, bibi arusi hajafika hata mlangoni. Lakini sidii ilichukua dakika 74. Hila ni hii: ukuta ulio nyuma ya bibi arusi hausogei, basi haurudiwi kuandikwa katika kila picha, huandikwa zaidi yale yanayobadilika. Utaratibu huo wa kukunja na kukunjua huitwa kodeki.

Kodeki ni nyingi. Video ya zamani ikikataa kufunguka katika simu yako, usiifute. Huenda haikuharibika; simu haijui kodeki yake tu, kama barua ya herufi za Kiarabu mbele ya mtu aliyejifunza za Kirumi peke yake. Wengine hubadili mwisho wa jina la faili, palipoandikwa 3GP wakaandika MP4. Kazi bure! Andika "mchele" juu ya gunia la mahindi, uone kama utapika wali. Afadhali ujaribu programu nyingine, kama VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa, nayo haina malipo.

Maandishi ya juu ya gunia, kwa video, huitwa metadata: urefu wake, kodeki yake, siku ilipopigwa. Siku hiyo hutoka katika saa ya simu. Saa ikiwa na kosa, tarehe nayo ni ya uongo. Tuseme wazee wanaonyesha mpaka wa shamba, nawe wapiga video. Baadaye ugomvi wazuka, na tarehe yataja mwaka ambao shamba lilikuwa bado pori. Nani atakuamini? Kwa hiyo, kabla ya kuanza, mmoja na aseme mbele ya kamera, kwa sauti, siku, mahali na majina ya waliopo.

Kazi ya nyumbani: fungua maelezo ya video moja ya zamani, nakili tarehe yake katika daftari, kisha mwulize mtu aliyekuwapo siku ile kama ni kweli.